Kisanduku cha Nne

Ghalani walimwita Tani, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na msimamizi miaka kumi na mitano nyuma, siku aliyoteremsha magunia mia mbili peke yake kabla ya saa sita mchana, kila gunia kilo hamsini, kisha akauliza kama kuna lori jingine. Msimamizi alipiga hesabu kwa kidole hewani, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu si mtu, huyu ni tani." Kuanzia hapo hata mkewe alimwita hivyo akikasirika. Na mkewe alikuwa mwepesi wa kukasirika.

Tani alikuwa kuli kwa miaka ishirini. Alipofikisha arobaini na miwili, ghala likaleta foklifti mbili, yale magari mafupi yenye meno mawili ya chuma mbele ya kuinulia mizigo, na madereva wakatafutwa kutoka kwa makuli wenyewe. Tani akapelekwa mafunzo, akafaulu, akapanda kitini. Kiti kilikuwa cha sponji, na kilikuwa na mahali pa kuegemeza mgongo. Wenzake walimpongeza kwa midomo. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye Tani mwenyewe ndiye aliyemwingiza ghalani, hata kwa midomo hakumpongeza. Alimtazama akipita na mzigo wa kwanza, akatema mate pembeni, akainama kubeba gunia lake.

Tangu siku hiyo wawili hao waliongea yale tu ambayo kazi iliwalazimisha. "Sogea." "Shusha." "Bado." Miaka minne mizima. Kwenye shughuli za ukoo walikaa ncha mbili tofauti za mkeka, na mke wa Tani, aliyekuwa dada wa mmoja na mke wa mwingine, aliwachukia wote wawili kwa zamu.

Kilichomtia Tani kwenye mambo ya kunyanyua vyuma ni siku ambayo foklifti zote mbili zilikwama. Moja ilikuwa kwa fundi, ya pili ikapasua bomba la haidroliki katikati ya sakafu, na malori mawili ya saruji yalikuwa yamekwisha kufungua milango. Msimamizi akasema mifuko ishushwe kwa mgongo. Tani angeweza kukaa kivulini kama dereva mwenzake, mzee mmoja mpole aliyefungua gazeti lake bila haya. Hakukaa. Alivua shati, akajipanga foleni.

Mifuko mitano ya kwanza aliibeba akipiga mluzi. Wa saba aliubeba kimya. Wa tisa, pumzi ilikuwa ikitoka kama ya mtu anayepuliza jiko. Wa kumi na moja ulipotua begani, goti la kushoto likakunjika bila kumwomba ruhusa, akaenda chini, mfuko ukapasuka, saruji ikamfunika kuanzia nywele mpaka kiunoni.

Shemeji ndiye aliyekuwa nyuma yake. Aliuweka chini mfuko wake taratibu, akamshika Tani kwapani, akamsimamisha.

"Shemeji, rudi kwenye kiti chako," alisema. "Huku utaumia."

Hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma Tani. Walicheka wengine, wakamchekea kwa niaba ya shemeji.

Kesho yake saa kumi na moja jioni Tani alikuwa mlangoni mwa jimu. Ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya karakana ya seremala, zamani stoo ya mbao, na bado kilinuka vumbi la mbao chini ya harufu ya jasho. Ukutani mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: USITUPE CHUMA, SAKAFU NI YA KUKODI. Mwenye mahali alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mabega mapana, aliyewahi kushindana kunyanyua vyuma enzi za ujana wake na hakuwahi kutabasamu tangu aache. Kila mtu alimwita Kocha.

Kocha alimpandisha kwenye mizani: kilo tisini na mbili. Akampima urefu, akamuuliza umri, akaandika. Kisha akavuta fomu karibu.

"Kazi?"

"Kuli. Ghalani."

"Unabeba?"

"Nabeba."

"Kwa mkono?"

Tani alihisi masikio yakipata moto. "Sasa nibebe kwa nini, kwa nyusi?"

Kocha hakuinua uso. Aliigeuza fomu imwelekee. Chini kulikuwa na visanduku vinne. Cha kwanza, mtu wa kukaa kutwa. Cha pili, shughuli chache. Cha tatu, shughuli za wastani. Cha nne, kazi nzito kutwa nzima.

"Sikiliza vizuri, kaka, maana sirudii. Hapa ndipo watu wanaponidanganya, halafu wanakuja kunilaumu. Hiki kisanduku ndicho kinachoamua ule kiasi gani. Ukijipandisha, utanenepa. Ukijishusha, nguvu zitakuishia ukiwa chini ya chuma. Mimi sina muda wa kukufuata kazini. Weka alama mwenyewe."

Tani aliweka alama kwenye kisanduku cha nne, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikaingia shimo. Wakati ule hakuona kama anasema uongo. Ukimwuliza mtu yeyote pale mtaani Tani ni nani, angekujibu vivyo hivyo: ni kuli. Kiti kilikuwa kitu kilichomtokea tu, kama mafua.

Kocha alibonyeza kikokotoo. "Mwili wako hata ukilala kitandani kutwa unachoma kalori kama elfu moja na mia nane. Kwa kazi yako, pamoja na mazoezi, weka elfu tatu na ushee. Mayai, maharage, nyama, maziwa, wali. Usipokula hivyo, usije."

Alikuja. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Na tuseme kweli, kwenye vyuma Tani hakuwa mgeni. Mgongo ulikumbuka kazi yake, mikono ilikuwa na sugu tayari. Wiki ya tatu alinyanyua kilo tisini kutoka sakafuni, wiki ya sita mia na kumi. Kocha alimsahihisha kwa kumgonga magoti na fimbo ya ufagio, na siku alipofanya vizuri hakumgonga. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Vita vilikuwa nyumbani. Mkewe alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake ikiwa palepale sebuleni chini ya dirisha, na sasa kila asubuhi alilazimika kuiacha akachemshe mayai sita.

"Nimeolewa na mtu mmoja au na timu?" aliuliza akiitua sahani kwa kishindo.

"Ni hesabu ya kitaalamu."

"Hesabu ya kitaalamu imemaliza trei kwa siku tano."

"Ninajenga mwili."

Mkewe alimtazama tumbo. "Unaujenga kwa mbele zaidi."

Alikasirika, lakini mizani ilikuwa upande wa mkewe. Wiki ya pili kilo tisini na tatu. Wiki ya nne tisini na nne na nusu. Wiki ya saba, tisini na sita na nusu, na suruali ya kazini ikawa haifungi kifungo cha juu, ikabidi mkewe aipanue. Aliipanua bila kusema neno, ila alibana pini mdomoni kwa namna ambayo Tani alielewa kila kitu.

Ijumaa ya wiki hiyo ya saba alishuka kwenye mizani ya jimu akiwa amefura. Watu wengine wanne walikuwa mle ndani, vyuma mikononi.

"Karatasi yako ni mbovu," alimwambia Kocha.

"Karatasi yangu imewanyoosha watu tangu hujajua kunyanyua. Unakula nini ambacho hakimo?"

"Hakuna."

"Bia?"

"Sinywi."

"Soda kazini? Maandazi?"

"Nimesema hakuna!"

"Kuli wa kweli hanenepi kwa kalori elfu tatu," Kocha alisema, sauti ikiwa juu ili wote wasikie. "Basi ni mafuta. Mkeo anamimina mafuta sufuriani kama anamwagilia bustani. Kamwambie apime."

Mtu mwenye busara angeyaacha maneno hayo palepale mlangoni. Tani aliyabeba mpaka nyumbani na kuyatua mbele ya cherehani, neno kwa neno, bustani na yote.

Mkewe alisimamisha cherehani. Alikata uzi. Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka pembeni.

"Jumatatu tunakwenda wote," alisema.

Jumatatu alikwenda kweli. Aliingia jimu akiwa amejifunga kanga kiunoni, chupa ya mafuta mkono mmoja na kijiko cha chakula mkono mwingine, akasimama katikati ya wanaume waliolowa jasho.

"Kocha ndiyo wewe, dada?"

"Ndiyo mimi."

"Mimi ndiye mwenye bustani." Akanyanyua kijiko. "Kwenye sufuria ya watu wanne naweka vijiko vitatu. Hiki hapa. Pima."

Kocha hakuwa mtu wa kurudi nyuma. "Basi anakula nje."

"Hali nje. Ninamfungia chakula mimi mwenyewe, na chombo kinarudi kimelambwa."

"Dada, mtu anayebeba magunia kutwa..."

"Nani anabeba magunia?"

Tani alisema, "Mke wangu," kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Huyu habebi kitu," mkewe aliendelea. "Ana mwaka wa nne anaendesha foklifti. Anakaa saa mbili asubuhi, anainuka saa kumi. Mimi nimekaa kwenye cherehani miaka kumi na minane, kukaa nakujua, na hata mimi huinuka kumpikia mayai. Yeye huinuka kwenda chooni."

Kocha aliivuta droo, akatoa fomu, akaitazama ile alama iliyotoboa karatasi. Kisha akamtazama Tani kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma tarehe kwenye kopo lililoharibika.

"Umenidanganya."

"Sikudanganya. Mimi ni kuli."

"Ulikuwa."

"Ni kuli! Muulize yeyote!"

"Fomu haina kisanduku cha ulivyokuwa," Kocha alisema. "Nimemtukana mke wa watu kwa sababu yako. Mbele ya watu." Alimgeukia mwanamke. "Dada, kwenye mafuta nilikosea." Akamrudia Tani. "Wewe sijamalizana na wewe."

Aliingia ofisini kwake, akatoka na kifaa cha kuhesabu hatua, cha kuvaa mkononi kama saa, akamrushia kifuani.

"Vaa siku tano za kazi. Ukifikisha hatua za kuli, njoo unitukane mbele ya hawahawa, na nitakaa kimya. Usipofikisha, njoo ujaze fomu upya. Ukiona haya, usije kabisa. Ila saa yangu irudi."

Tani alivaa kwa kumkomoa. Jumanne alitembea kwa makusudi. Alishuka kwenye foklifti kila alipopata sababu, akaenda kuuliza mambo aliyoyajua. Wakati wa chakula cha mchana aligundua kwamba ukitikisa mkono, namba zinapanda, akajificha nyuma ya rafu akatikisa mpaka kuli mmoja alipomuuliza kama ameumwa na nyigu. Akaacha kwa aibu. Saa kumi alipoangalia, ilisoma hatua elfu mbili na mia tisa, na kati ya hizo kama mia tatu zilikuwa za wizi.

Jumatano, elfu mbili na mia nne.

Alhamisi asubuhi shemeji yake alikuja akaegemea nguzo ya foklifti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hiyo saa inasoma saa ngapi?"

"Si saa."

"Nasikia unatembeatembea ovyo. Watu wanasema umechanganyikiwa."

Tani angeweza kumwambia asogee. Badala yake, kwa hasira zaidi kuliko kwa urafiki, alimweleza yote: fomu, kisanduku, chupa ya mafuta. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia kwa miaka minne. Shemeji alisikiliza akichokonoa jino.

"Lete," alisema, akanyoosha mkono.

"Ya nini?"

"Lete, bwana."

Alivaa, akaenda kazini kwake. Siku hiyo kulikuwa na malori matano. Tani, kila alipogeuza foklifti, alimwona akipanda na kushuka ubao wa lori, mgongo umejipinda, mkono wenye kile kifaa ukishika sikio la gunia. Saa kumi shemeji alikuja, akakivua, akakitupia juu ya usukani.

Hatua elfu kumi na tisa na mia moja.

"Umeona?" alisema. "Chakula ni changu, tumbo ni lako. Wewe unakila, mimi ndiye ninayekitembea."

"Sikukuzuia kula."

"Ulinizuia kukaa." Shemeji alisogea karibu, na Tani aliona kwamba yale anayoyatoa yalikuwa yamekaa ndani muda mrefu. "Nafasi zilikuwa mbili. Wewe ulikwisha kupata. Msimamizi akakuuliza nani awe wa pili. Alikuuliza wewe. Ulimjibu nini?"

Tani alikumbuka vizuri mno. Alikuwa amesema, *Shemeji yangu bado kijana, bado ana mgongo.* Nafasi akapewa yule mzee wa gazeti. Alikuwa amesema hivyo kwa nini? Kwa sababu hakutaka ionekane anapendelea ndugu, ndivyo alivyojiambia. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ndogo, ambayo hakuwahi kuitazama usoni: kwamba wakiwa wawili kutoka nyumba moja vitini, nani angebaki pale chini kuonyesha kwamba nyumba ile ni ya watu wa kazi?

"Nilisema una mgongo," alijibu.

"Mgongo wenyewe huu." Shemeji aligeuka, akainua shati. Kiunoni alikuwa amejifunga mkanda mpana wa hospitali, umelowa jasho na umechakaa kingo. "Mwaka wa pili sasa. Nalala sakafuni. Dada yangu anajua. Wewe hujawahi kuuliza."

Akashusha shati, akaondoka. Tani alibaki kitini, mkono juu ya usukani.

Ijumaa hakukivaa kile kifaa. Alikitia mfukoni bila kungoja siku tano zitimie, akaenda jimu moja kwa moja kutoka kazini, suruali iliyopanuliwa ikiwa bado na vumbi. Kocha alikuwa akipaka vyuma mafuta.

"Ngapi?"

"Elfu mbili na mia nne. Jumanne elfu mbili na mia tisa, lakini nilitikisa mkono."

"Wote hutikisa." Akampa fomu mpya. "Jaza."

Tani aliandika kazi: dereva wa foklifti. Mkono ulimwia mzito kwenye neno dereva. Alipofika kwenye visanduku akasita.

"Si nafanya mazoezi siku tatu? Mazoezi makali. Hayo hayanipandishi?"

"Siku tatu, saa moja moja. Saa tatu. Wiki ina saa mia moja sitini na nane. Piga hesabu unakaa ngapi, unalala ngapi." Kocha alifuta mikono kwenye tambara. "Vyuma vinajenga misuli. Siku ya kukaa haigeuki siku ya kuli kwa sababu umenyanyua chuma jioni."

"Kwa hiyo cha kwanza."

"Usijitupe shimoni pia. Cha pili. Kalori elfu mbili na mia nne na kitu. Hizi hesabu zenyewe ni za kukisia, hazikujui. Utakula hivyo wiki tatu, utapima kila asubuhi kabla ya kula, uandike. Uzito ukipanda, tunapunguza. Ukiporomoka na chuma kikawa kizito, tunaongeza. Mizani ndiyo itasema, si wewe, na si mimi."

Aliweka alama kwenye cha pili. Alikuwa na hasira, na hakujua kwa hakika anamkasirikia nani. Kocha aliichukua fomu bila kumpongeza.

"Na umwombe mkeo radhi," alisema. "Mimi yangu nimekwisha kuomba."

Alimwomba. Mkewe alisikiliza akishona, akamwambia kuanzia sasa mafuta atapima mwenyewe, na mayai atachemsha mwenyewe, na kwamba radhi hiyo ataifikiria. Anaifikiria mpaka leo. Tani hula mayai matatu, na huyachemsha mwenyewe.

Wiki tatu za kwanza alishuka kilo moja na nusu, na chuma hakikumshinda. Waliacha hesabu ilivyo. Baada ya miezi mitano alikuwa kilo tisini kasoro kidogo, akinyanyua mia na thelathini kutoka sakafuni, na mshono wa suruali ukarudishwa ndani. Alipowaambia ghalani, hakuna aliyejali. Kwao alikuwa dereva aliyeanza kupungua.

Katikati ya miezi hiyo yule mzee wa gazeti alistaafu. Tani hakungoja kuulizwa. Alikwenda kwa msimamizi akataja jina la shemeji yake na mgongo wake, na akasema kwamba mara ile ya kwanza alijibu vibaya. Kisha akamfuata shemeji kwenye lori.

"Fomu ya mafunzo iko ofisini."

"Umekuja kunipa sadaka?"

"Nimekuja kukwambia iko wapi. Jaza, usijaze, shauri yako."

Shemeji alimaliza kushusha lori zima kwanza, ili ionekane hana haraka. Halafu akaenda akajaza.

Siku ya kwanza alipoendesha peke yake, walikutana uso kwa uso kwenye njia nyembamba kati ya rafu, foklifti kwa foklifti, meno kwa meno. Taratibu ya ghala ni kwamba asiye na mzigo ndiye anayerudi nyuma. Shemeji alikuwa na mzigo. Tani hakuwa nao. Walikaa hivyo, injini zikinguruma, makuli wakiacha kazi kutazama. Tani aliuma meno, akavuta gia, akarudi nyuma polepole mpaka mwisho wa njia, akaegesha pembeni.

Shemeji akapita. Hakumpa hata shukrani ya kutikisa kichwa.